Sauti tatu ndani ya injini moja: kisa cha Impreza iliyorudi kutoka Lushoto

Gari liliingia gerejini kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, likivutwa kwa kamba, ingawa injini yake bado ilikuwa na uwezo wa kuwaka. Mwenyewe ndiye hakutaka kuiwasha. Wiki iliyotangulia fundi mwingine alikuwa amemwambia neno moja tu, "imenoki", na tangu siku hiyo kijana hakuthubutu kugusa ufunguo.

Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, gia za mkono, injini ya EJ20 yenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi). Dashibodi ilisoma kilomita 214,000. Kijana anaishi Raskazone, kazi yake ni bandarini, na gari hilo alilinunua kwa akiba ya miaka. Ilikuwa mwezi wa pili, joto la kaskazi limepamba moto, na shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Fundi, nishaulizia injini ya mtumba Dar," alianza kabla hata hatujamaliza salamu. "Niambie tu nitume hela au nisitume."

"Tulia kwanza, mdogo wangu. Huyo aliyekwambia imenoki alipima nini?"

"Alifungua boneti, akapiga resi mara mbili, akasikiliza. Akasema hii basi tena."

Naomba niseme jambo kuhusu neno lenyewe, kwa kuwa kisa hiki chote kimelala humo. Mafundi wa Tanzania tunasema injini "imenoki" tukimaanisha imekufa: beringi zimekwisha, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imeshika, tafuta nyingine. Lakini mteja akisikia mlio wowote wa kugonga naye husema inanoki. Na vitabu vya injini vinatumia neno hilohilo kwa kitu cha tatu kabisa, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Mambo matatu yenye tiba tatu tofauti, na bei zisizokaribiana hata kidogo, yote yamefungiwa kwenye neno moja. Mtu akinijia na neno hilo, kazi yangu ya kwanza ni kulivunja.

Kwa hiyo sikuwasha gari. Nilivuta kigoda nikamuuliza maswali. Mlio ulianza lini? Injini ikiwa baridi au imeshapata moto? Gari likiwa limesimama, likipanda mlima, au ukiachia mafuta? Unatokea mbele au nyuma? Mkali au mzito?

Alikuwa amewapeleka ndugu zake harusini Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo kupanda kupitia Soni kila mtu wa mkoa huu anaijua: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kilomita thelathini na ushee za kupanda tu. Gari lilikuwa na watu watano na mizigo. Alikuwa gia ya tatu, turbo imejaa, akasikia mlio mwembamba mkali, "cha-cha-cha", akauigiza kwa kutikisa sarafu mfukoni. Akiachia mafuta unakata, akikanyaga unarudi. Hakujali, maana magari ya turbo, alisema, yana kelele zake.

Wakati wa kurudi, waliposimama Segera kula, ndipo aliposikia mlio wa pili: "ko-ko-ko" injini ikiwa kwenye silensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ukitokea mbele karibu na rejeta. Huo ndio uliomtisha. Na huo ndio fundi wa kwanza aliousikia.

Nikamuuliza kama taa ya oili iliwaka. Akasema haikuwaka.

Nilichomoa dipstiki. Ilitoka kavu hadi kwenye ncha, ambako palikuwa na tone jeusi tu. Injini hii inabeba oili inayokaribia lita nne na nusu, na kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Niliongeza lita nzima na bado haikufika alama ya juu. Ilitaka nusu lita nyingine.

"Chini hapavuji hata tone, fundi," aliniambia, na alikuwa mkweli. Nililala chini ya gari na tochi. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kavu, sili ya krenki kavu, vifuniko vya valvu vina jasho la kawaida la gari la umri huo. Lita moja na nusu ilikuwa imekwenda mahali, na mahali penyewe si ardhini. Nililiweka hilo kichwani, kisha nikakosea kidogo: niliacha likae huko.

Kabla ya kuwasha niliwaza juu ya umbile la injini yenyewe. Kwenye injini ya silinda zilizopangwa mstari mmoja, kama nyingi za Toyota tulizozizoea, ukishuku beringi za koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) unaweza kulala chini, ukashusha sampu, ukafungua kifuniko cha rodi moja na kuiangalia beringi kwa macho. Nusu siku. Injini ya boksa kama hii haikupi nafasi hiyo. Silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na krenki imebanwa katikati ya nusu mbili za bloku kama nyama ndani ya sambusa. Hakuna bolti ya koni rodi utakayoifikia kutokea chini. Kuiona beringi moja lazima injini ishuke, vichwa vifunguliwe, bloku igawanywe vipande viwili. Ukishafika hapo umeshaingia gharama ya kuijenga upya, hata ukikuta kila kitu ni kizima. Ndiyo maana kwa gari hili kusikiliza ni kazi yenyewe. Huwezi kusema acha tufungue tuone.

Asubuhi ya pili, injini ikiwa imepoa usiku kucha, niliwasha. "Ko-ko-ko" ilikuja palepale. Niliweka bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini nyuma ya sikio. Nilianzia nyuma, nikasogea mbele. Kwenye bloku sauti ilikuwa ya mbali. Nilipogusa karibu na kifuniko cha mkanda wa taiming, ikaingia sikioni kama mtu anabisha hodi.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia hapa. Injini ikiwa kwenye silensi ya mizunguko 750 kwa dakika, krenki inazunguka mara kumi na mbili na nusu kwa sekunde, na kemshafti, shafti inayofungua valvu, nusu yake. Mlio unaofuata krenki ni wa haraka kiasi kwamba huwezi kuuhesabu. Unaofuata kemshafti unakaribia sita kwa sekunde, na sikio lililozoea linautambua. Huu wa mbele haukufuata hata mmoja. Ulikuja kwa mikupuo, unakazana, unalegea, unakazana tena. Koni rodi haina tabia hiyo.

Nilifungua kifuniko cha plastiki cha mkanda, nikawasha tena kwa sekunde chache. Mkanda ulikuwa unapepea. Injini hii ina kemshafti nne zinazoendeshwa na mkanda mmoja mrefu, na kinachoukaza ni tenshena yenye oili ndani. Chini ya tenshena palikuwa na mchirizi wa oili umeganda na vumbi. Imevuja, imelegea, na mkono wake unapigapiga. Mkanda wenyewe ulikuwa na nyufa mgongoni. Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000, na huu hakuna aliyejua ulifungwa lini. Kwenye injini ya aina hii mkanda ukiruka, valvu na pistoni hukutana, kwa hiyo sikusita. Nilibadilisha mkanda, tenshena, puli zake zote na pampu ya maji. Nilimwaga na oili, nikafunga filta mpya. Filta kuukuu nikaiweka juu ya benchi.

Niliwasha. Kimya. Injini ikaunguruma ule mngurumo wake wa boksa, mzito, unaodunda kidogo. Kijana alicheka, akatoka nje kumpigia mama yake. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama, imepona, haikuwa imenoki."

Nami nilikuwa nimeshashika ufunguo nimpe.

Kilichonizuia ni ile lita moja na nusu. Tenshena haili oili, na mkanda hauli. Na kuna ule mlio wa sarafu wa kule Soni: haukutoka kwenye mkanda, maana ulikuja kwa mzigo na kukata kwa kuachia mafuta. Nilikuwa nimetibu sauti moja kati ya mbili alizonieleza, na ile niliyotibu ndiyo ilikuwa inaziba masikio nisisikie nyingine. Nilirudi kwenye benchi nikaichukua filta.

Hili ningependa kila fundi kijana alifanye kwa mikono yake, mara moja tu, atalipenda. Usiikate filta kwa msumeno ukiwa na njia nyingine, kwa sababu msumeno utamwaga chembe zake mwenyewe ndani. Niliikata ukingo kwa kifaa kinachobana na kuzunguka kama cha kukatia bomba. Nilitoa karatasi ya ndani, nikaikata kwa wembe, nikaikunja kwa kitambaa safi na kuibana kwenye jiriwa hadi oili ikatoka. Kisha nikaitandaza juu ya kigae cheupe, nje, juani.

Mikunjo ilikuwa na rangi ya kahawa, na ndani yake palikuwa na mng'ao. Vumbi la kung'aa peke yake kwenye injini ya kilomita laki mbili lisingenishtua. Lakini hapa kulikuwa na vipande bapa, vyembamba kama magamba ya dagaa, vingine vikubwa kiasi cha kushikika kwa ncha ya sindano. Nilipitisha sumaku. Chembe chache ziliruka, zilizobaki hazikutikisika. Chuma cha krenki, gia na pete za pistoni kinafuata sumaku. Kisichofuata ni alumini, na ndani ya injini hii alumini inayosagika ikawa magamba hutoka kwenye pistoni au kwenye beringi.

Nilimwita kijana nikamwonyesha. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo imenoki kweli?"

"Inaelekea huko. Haijafika. Hebu nikuulize tena: taa ya oili haikuwaka kabisa? Hata kupepesa?"

Akavuta pumzi. Ilipepesa mara mbili, kwenye kona kali za kushuka kutoka Soni. Ilizima yenyewe, akaona si kitu.

Simlaumu. Wengi tunadhani taa ile inaonya. Swichi yake huwasha taa presha ikishaanguka hadi karibu na sifuri. Kwenye injini kama hii ni kama sehemu moja ya saba ya presha inayotakiwa hata kwenye silensi. Taa ikipepesa kwenye kona maana yake oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu imevuta hewa, na kwa sekunde hiyo krenki imezunguka bila utando wa oili. Utando huo ndio wote uliopo kati ya chuma na beringi. Mwanya wenyewe unapimwa kwa sehemu za mia za milimita.

Sasa nilijua ninachotafuta, nikajua pia kwa nini nilikuwa sijakisikia. Nilikuwa nimeweka oili mpya, na injini nilikuwa naisikiliza ikiwa baridi. Oili baridi ni nzito, hujaza mwanya, huficha ugonjwa. Nikaendesha mwenyewe taratibu hadi Pongwe na kurudi, bila kuita turbo, mpaka oili ikapata moto wa kweli. Gerejini nikapandisha mizunguko hadi kama 2,500, nikaishikilia hapo, kisha nikaachia polepole. Usipige resi kwa nguvu, fujo ya injini itakufunika. Koni rodi iliyolegea husema pale injini inapoelea, haisukumi wala haizuiwi.

Ilisema. "Du-du-du-du", nzito, ya ndani, ya haraka sawasawa na krenki, mara nne tano hivi, kisha ikapotea. Kijana wangu wa gerejini, ambaye ana miezi sita tu kwenye kazi hii, aligeuza shingo kabla yangu.

Kipimo cha kutambua silinda ni rahisi. Ukiinyima silinda moto, mlipuko hausukumi tena pistoni yake, na rodi iliyolegea hunyamaza au hupungua sana. Nilichomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine, sekunde chache tu kila moja, kwa sababu petroli isiyowaka huteremkia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio chake. Silinda ya kwanza: mlio upo. Ya pili: upo. Ya nne: upo. Ya tatu, ile ya nyuma kulia chini ya turbo: kimya. Nikairudisha, ukarudi. Nilirudia mara tatu kabla ya kukubali.

Halafu presha. Nilitoa swichi ya oili iliyo juu ya bloku chini ya altaneta, nikafunga geji. Kitabu cha injini hii kinataka psi (kipimo cha presha) 14 kwa mizunguko 600 na psi 43 kwa mizunguko 5,000, oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Kwenye silensi geji ilisoma psi 8. Sikuipeleka 5,000, sikuwa na sababu ya kumtesa mgonjwa.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa amepatia? Jibu lake lilikuwa karibu na kweli, na nalisema wazi kwa heshima yake. Lakini mlio alioutolea hukumu ulikuwa wa tenshena. Angekuja mteja mwingine siku ileile, mwenye tenshena mbovu na beringi nzima, angeambiwa maneno hayohayo na kwenda kununua injini.

Bado nilikuwa na deni la mlio wa sarafu na deni la oili. Nilitoa plagi nne. Tatu zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, mdomo wake umelowana kidogo na oili. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe kwenye kauri, na juu yake vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa, kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Hivyo ni vitone vya alumini ya pistoni vilivyorushwa na mlipuko wa ovyo. Basi mlio wa Soni ulikuwa ndio kunoki kwa maana ya kitabu: mchanganyiko wa petroli na hewa unawaka wenyewe pembezoni kabla moto wa plagi haujaufikia, na wimbi la mgandamizo linagongana na kuta. Silinda hii ina kipenyo cha milimita 92, na kwa kipenyo hicho wimbi hutetemeka kama mara elfu sita kwa sekunde. Ndiyo sababu mlio wake ni mwembamba wa sarafu, na wa koni rodi ni mzito wa mchi. Masikio yake yalikuwa yamemwambia kweli tangu mwanzo.

Kwa nini ilipuke ovyo? Sababu tatu zilikuwa wazi: joto la kaskazi, mzigo wa watu watano mlimani, na petroli. Gari hili lilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa petroli yao ya daraja la juu ambayo kiwango cha nchi hiyo kinaitaka isipungue oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo) 96, na inayouzwa pampuni kwa kawaida ni 100. Kompyuta ya gari ina sensa ya noki juu ya bloku na huchelewesha cheche ikisikia mlipuko, lakini ina kikomo.

Sababu ya nne niliikuta kwa mkono. Nilifungua paipu inayotoka kwenye turbo kwenda intakula, yaani kipozea hewa ya turbo, nikaingiza vidole viwili. Vilitoka vinatiririka. Niliishusha intakula, nikaiinamisha juu ya beseni, ikamwaga oili kama kikombe kizima cha chai. Nilishika shafti ya turbo kwa ncha za vidole: ilicheza juu na chini hadi mapezi yakagusa ukuta wake. Sili zimekwisha. Oili haikuanguka ardhini kwa sababu ilikuwa inavutwa ndani na kuchomwa. Ukiwa nyuma ya usukani, moshi wa buluu unabaki nyuma yako.

Hapo mambo yakajipanga, na hapa ndipo niliposhika kichwa. Oili inapoingia na hewa kwenye silinda inapunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, ni sawa na kushusha oktani. Mlipuko wa ovyo unatwanga pistoni, pistoni inatwanga koni rodi, koni rodi inatwanga beringi. Wakati huohuo oili ileile inayoliwa juu inapungua chini, hadi kona za Soni zinainyima pampu. Beringi ilikuwa inapigwa kutoka juu na kunyimwa kutoka chini, na yote yalianzia kwenye sili mbili za turbo. Silinda ya tatu ndiyo iliyozidiwa.

Jioni ile tulikaa na kijana nje ya gereji. Mawazo yake yalikuwa bado Dar.

"Fundi, si bora injini ya mtumba? Inakuja, tunafunga, naondoka."

"Inakuja na turbo?"

"Hapana. Wanasema nitumie yangu."

Nilimwonyesha lile beseni. Angefunga injini ya mtu mwingine asiyoijua historia, akaipachikia turbo hii hii, na kuiunganishia kipozea oili kilichojaa magamba yaleyale. Ningempa miezi michache, au Soni moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika kisa kizima: ushauri wa kwanza ungemla hela mara mbili, na mara ya pili angelaumiwa muuza injini.

Tulikubaliana kujenga. Kazi ya kufungua siielezi yote. Pini za pistoni zinavutwa kupitia matundu ya ubavuni mwa bloku kabla ya kuigawa, na hapo uvumilivu unahitajika kuliko nguvu. Bloku ilipoachana niliiokota beringi ya silinda ya tatu. Nusu yake ya juu, inayopokea mlipuko, ilikuwa imepoteza ule uso wake wa kijivu laini. Palikuwa na mistari unayoihisi kwa ukucha, na ukingoni tabaka limebanduka kwa magamba, umbo lilelile nililoliona juu ya kigae. Nusu ya chini ilikuwa karibu nzima. Ya silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na mikwaruzo ya umri tu. Haikuwa imezunguka kwenye kiti chake. Safari moja zaidi ingezunguka.

Shingo ya krenki ilipaswa kuwa milimita 52. Maikromita ilionyesha imeliwa upande mmoja, haikuwa duara tena. Mchongaji aliisawazisha kwa kuondoa robo ya milimita, nasi tukafunga beringi za saizi hiyo. Pistoni ya tatu ilikuwa na vidonda vidogo ukingoni, tukaibadilisha. Pampu ya oili mpya, kipozea oili kipya, kwa sababu kile cha zamani hakuna anayeweza kuapa kwamba amekiosha kikaisha. Turbo ikawekewa moyo mpya na mrija mpya wa oili. Intakula tuliiosha kwa petroli mara tatu hadi petroli ikatoka safi.

Kuiwasha mara ya kwanza tulitoa plagi zote, tukaizungusha kwa stata hadi geji ikapanda, ndipo tukairudishia moto. Ikiwa imeshapata joto ilisoma psi 17 kwenye silensi.

Kwenye kilomita 500 niliikata filta. Mng'ao wa vumbi la kuzoeana, hakuna gamba. Kwenye kilomita 2,000 nikakata nyingine, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeishika karatasi juani, akaigeuza, akapitisha sumaku bila kuambiwa. Sasa kila Ijumaa asubuhi ananitumia picha ya dipstiki kwenye simu. Ya wiki iliyopita ilikuwa imefika alama ya juu, na oili bado ina rangi ya asali.